Kuiandaa tovuti kwa wimbi la watembeleaji bila kumwacha nje mwenye ulemavu wala mwenye simu dhaifu

Mleta mada

Wanajukwaa, salaam.

Nimeleta mada hii kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu tovuti zinazoelemewa huishia kwenye seva, yaani kompyuta zinazoihudumia tovuti: ziongezwe ngapi, ziwe na nguvu kiasi gani, na gharama zake zitoke wapi. Hayo ni ya lazima, lakini kuna swali linalopaswa kuyatangulia. Siku watu wengi watakapofika kwa wakati mmoja, je, kila mmoja wao ataweza kumaliza jambo lililomleta? Tovuti inayomfungukia mwenye kompyuta mpya na intaneti ya kasi, huku mtu asiyeona amekwama kwenye ukurasa wa foleni ambao kisoma skrini chake, yaani programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hakiwezi kuutamka, kwa huyo wa pili imeanguka, hata kama vipimo vyote vya seva vinaonyesha kijani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani takriban mtu 1 kati ya kila 6, wanaishi na ulemavu wa kiwango kikubwa. Hao wamo katika kila wimbi.

Ninavyoona mimi, maandalizi ya wimbi ni kazi ya kuamua mapema nini kitapunguzwa, na vitu vinavyomwezesha mtu mwenye ulemavu kuitumia tovuti haviruhusiwi kuwa miongoni mwa vinavyopunguzwa. Mara nyingi mambo haya mawili yanakwenda pamoja, kwa sababu ukurasa mwepesi ulioandikwa kwa HTML safi, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, humpunguzia mzigo mwenye seva na humrahisishia kazi mwenye kisoma skrini.

Tuanze na namna tovuti inavyoanguka. Wengi hudhani huanguka kwa sababu wageni wamevuka idadi fulani, lakini mara nyingi kinachotangulia ni ucheleweshaji. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ya foleni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa hesabu hizi: wastani wa idadi ya walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia kwao, mara muda ambao kila mmoja anakaa humo. Maombi 200 kwa sekunde, kila moja likichukua nusu sekunde, yana maana kwamba seva inashughulikia maombi 100 kwa wakati mmoja. Kanzidata, yaani hazina ya data za tovuti, ikichelewa hadi kila ombi lichukue sekunde 5, idadi hiyo inapanda hadi 1,000, ingawa hakuna mgeni hata mmoja aliyeongezeka. Mipangilio ya awali ya PostgreSQL, mojawapo ya programu za kanzidata, inaruhusu miunganisho 100 kwa wakati mmoja, na ya MySQL, programu nyingine ya aina hiyo, 151. Ikishajaa, maombi mapya yanakataliwa au yanasubiri. Wanaosubiri wanachoka na kupakia ukurasa upya. Na kila upakiaji huo ni ombi jingine juu ya lile la mwanzo, ambalo seva bado inahangaika nalo ilhali mwenyewe ameshaliacha. Ndiyo maana ulizo moja la kanzidata lisilo na indeksi (faharasa inayoharakisha utafutaji), ambalo siku za kawaida halimsumbui mtu, linaweza kuiangusha tovuti nzima siku ya wimbi.

Mfano ambao kila mwenye kuandaa tovuti anapaswa kuujua ni wa HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kujiandikisha bima ya afya, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013. Ili kuona bima zilizopo na kulinganisha bei, mgeni alilazimika kwanza kufungua akaunti na kuthibitishwa, na sehemu hiyo ya kuingilia ndiyo iliyokuwa miongoni mwa za kwanza kuelemewa. Kumbukumbu zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba siku ya kwanza ni watu 6 tu waliokamilisha kujiandikisha. Zilikuwapo kasoro nyingine nyingi katika mfumo ule, lakini hii ya kuwalazimisha wanaotaka kusoma tu wapite kwenye mlango mmoja na wanaotaka kujiandikisha ilitokana na uamuzi wa muundo, na hakuna wingi wa seva unaotosha kuirekebisha.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuketi na kuyapanga mambo ambayo watu huja kuyafanya, kuanzia lililo la lazima hadi lile linaloweza kusubiri hadi kesho yake. Taarifa za kusomwa tu zitolewe kama kurasa zilizokwisha kuandaliwa, zihifadhiwe kwenye kache (hifadhi ya muda ya nakala zilizo tayari), na zisihitaji kanzidata kabisa. Utafutaji wa ndani, mapendekezo, video zinazojicheza zenyewe, vihesabio na skripti (vijiprogramu vya ndani ya ukurasa) za matangazo viwekewe swichi ya kuzimwa bila kulazimika kubadili msimbo usiku wa manane. Tarehe 11 Septemba 2001, tovuti kubwa za habari, CNN ikiwa mojawapo, ziliondoa picha na mapambo na kubakiza kurasa za maandishi, nazo zikaweza tena kuwafikia wasomaji. Wao walilifanya hilo katikati ya dharura. Sisi tunao muda wa kuutengeneza ukurasa wa namna hiyo, kuujaribu na kuuweka tayari.

Tahadhari moja katika kupunguza: wengine, wanapokimbilia kuupa ukurasa wepesi, hung'oa maandishi mbadala ya picha, lebo za fomu, vichwa vya sehemu na kiungo cha kurukia maudhui makuu, kana kwamba vitu hivyo ni mapambo. Vyote kwa pamoja havifiki uzito wa picha moja ndogo. Kinacholemea ni picha zisizobanwa, fonti nyingi na skripti zinazoletwa kutoka kwa watu wengine.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa maelezo. Sisi ni wachache, tuna seva moja na hatuna fungu la kuongeza nyingine, na tunatarajia kutangaza matokeo ambayo watu wengi watayafuata saa ileile. Ukiambiwa uchague mambo machache ya kuanza nayo, utachagua yapi?

Mleta mada

Ndugu yangu, kwa hali yenu ningeanza na kache, kwa sababu matokeo yakishatangazwa hayabadiliki kila dakika. Ukurasa uleule hauna haja ya kutengenezwa upya kwa kila mgeni. Utengenezwe mara moja, uhifadhiwe, na uwe ndio unaotolewa kwa wote. Ikiwezekana uhifadhiwe kwenye mtandao wa kusambaza maudhui, yaani seva za mtoa huduma mwingine zinazotoa nakala za kurasa zenu, ili wengi wa wageni wasiifikie seva yenu kabisa.

Zingatieni, hata hivyo, sekunde ile ambayo muda wa kache unakwisha. Mamia ya maombi huikuta nakala imekwisha muda wake, na yote kwa pamoja huikimbilia kanzidata kutafuta mpya. Ziko njia mbili za kuzuia hilo. Ya kwanza ni kuruhusu ombi moja tu liende kutengeneza nakala mpya, huku mengine yakiendelea kupewa ile ya zamani. Ya pili ni kutumia maelekezo ya stale-while-revalidate na stale-if-error, yaliyoelezwa katika RFC 5861, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 2010, ambayo yanairuhusu kache itoe nakala iliyopitwa na wakati wakati mpya inatafutwa, au seva ya asili inaposhindwa kujibu. Kwa tangazo la matokeo, ukurasa uliochelewa kwa dakika 2 ni bora mara nyingi kuliko ukurasa mweupe, ilimradi saa ya kuhuishwa kwake imeandikwa wazi kwa maneno.

Kisha upimeni uzito wa ukurasa. Ukurasa wa wastani kwenye wavuti siku hizi unazidi megabaiti 2, ilhali jedwali la matokeo na maelezo yake linaweza kukaa ndani ya kilobaiti chache. Jedwali hilo liandikwe kama jedwali la kweli la HTML, lenye vichwa vya safu na vya mistari, na lisiwe picha ya jedwali. Picha ni nzito kwa seva, haiwezi kukuzwa vizuri na mwenye uoni hafifu, na kwa asiyeona haisemi lolote. Faili la PDF lililochanganuliwa kutoka karatasini lina kasoro hizohizo zote, nalo, kwa masikitiko yangu, ndilo kimbilio la kawaida siku za matangazo makubwa.

La mwisho kwenu ni kipimo cha mzigo kabla ya siku yenyewe. Zipo programu huria kama JMeter, k6 na Locust zinazoweza kuigiza maelfu ya wageni. Msipime ukurasa wa mbele peke yake, bali njia nzima ambayo mgeni ataifuata, pamoja na kutafuta na kutuma fomu, na mwendelee kuongeza mzigo mpaka mfumo ushindwe, ili mjue ni kipi kinachoshindwa kwanza.

Mchangiaji wa pili

Salaam kwenu nyote. Mimi sioni, ninatumia visoma skrini viwili, NVDA kwenye kompyuta na TalkBack kwenye simu. Ningependa wanaotengeneza tovuti wajue jinsi foleni za mtandaoni zinavyokuwa upande wetu.

Ukurasa wa kusubiri niliokutana nao hivi karibuni ulikuwa unajipakia upya wenyewe kila baada ya sekunde chache. Kila ulipojipakia, kisoma skrini kilianza kusoma tangu juu, kwa hiyo sikuwahi kuifikia sentensi inayotaja nafasi yangu kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika hapakuwa na tangazo lolote nililoweza kulisikia. Rangi ya mstari fulani ilibadilika, na hilo nilikuja kuambiwa na mtu mwingine. Mara nyingine nimefanikiwa kuingia, nikakuta picha za kuchagua ili kuthibitisha kwamba mimi si roboti, bila njia mbadala. Muda wa kujaza fomu nao huwekwa kwa kasi ya mtu anayeona na kutumia kipanya. Sisi tunapitia sehemu moja baada ya nyingine, na muda ukiisha tunarudishwa mwisho wa foleni na kila tulichokwisha kuandika kimepotea.

Siku za kawaida tovuti hiyohiyo ninaitumia bila shida. Ni hatua za dharura ndizo zinazonifungia nje.

Mleta mada

Ndugu, nakushukuru sana, kwa sababu umetaja mahali ambapo wataalamu wengi wa seva hawafiki. Hatua za dharura huandikwa kwa haraka, mara nyingi na watu wasiohusika na tovuti yenyewe, na kwa kawaida hazipitishwi kwenye ukaguzi wowote wa ufikivu, yaani wa kuona kama mwenye ulemavu anaweza kuzitumia. Naomba nijibu hoja zako moja moja kwa urefu, kwa kuwa hapa ndipo palipo na kazi kubwa zaidi.

Kuhusu kujipakia upya: nafasi ya mtu kwenye foleni ibadilishwe ndani ya ukurasa uleule, katika eneo lililotiwa alama ya aria-live yenye thamani ya polite, ili kisoma skrini kitangaze mabadiliko bila kumkatiza msikilizaji wala kuhamisha mahali alipo. Na yasitangazwe kila sekunde. Mara moja kwa dakika, au nafasi inapopungua kwa kiasi cha maana, inatosha. Zamu inapofika, tangazo liwe la maneno, kichwa cha ukurasa kibadilike ili aliye kwenye kichupo kingine ajue, na sauti iwe nyongeza ya hayo, kwa sababu asiyesikia naye yumo kwenye foleni hiyohiyo. Mwongozo wa WCAG, ambao ni wa ufikivu wa wavuti, tangu toleo la 2.1 la mwaka 2018, una kigezo namba 4.1.3 kinachohusu ujumbe wa hali kama huu.

Kuhusu muda: kigezo namba 2.2.1 kinataka mtumiaji aweze kuuzima muda, kuubadili, au kuonywa kabla haujaisha na kupewa angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo rahisi, na aweze kuuongeza angalau mara 10. Wenye tovuti hujitetea kwamba kwenye wimbi hawawezi kumpa mtu muda usio na mwisho, kwa kuwa nyuma yake wapo wengine. Naielewa hofu hiyo, lakini anayejaza fomu taratibu halemei seva. Kwa sehemu kubwa ya muda huo seva haifanyi chochote kwa ajili yake. Kinacholemea ni muunganisho wa kanzidata unaoachwa wazi kumsubiri, na hilo ni kosa la msimbo linaloweza kurekebishwa. Kilichoandikwa kihifadhiwe hatua kwa hatua, ili hata kikao kikikatika, mtu arudi alipoishia.

Kuhusu picha za kuthibitisha ubinadamu: toleo la WCAG 2.2, lililotolewa tarehe 5 Oktoba 2023, limeongeza kigezo namba 3.3.8 kinachozuia kumtaka mtu afumbue fumbo au akariri kitu ili aweze kuingia, isipokuwa pawepo njia nyingine au msaada, ingawa bado kinaruhusu fumbo la kutambua vitu kwenye picha. Ningeongeza kwamba baadhi ya mifumo ya kutambua roboti huangalia mwendo wa kipanya, na mtu anayetumia kibodi pekee hana mwendo huo, kwa hiyo hushukiwa bila kosa. Hata wenye uwezo mkubwa hukosea katika kutofautisha umati na uvamizi: Michael Jackson alipofariki tarehe 25 Juni 2009, mifumo ya Google iliyachukulia maswali ya watu kuhusu habari ile kuwa ni shambulio, na kwa muda ikawaonyesha baadhi yao ujumbe wa hitilafu badala ya majibu. Udhibiti wa kasi ya maombi kwa kila anwani ya mtandao (IP), uliowekwa kwa kipimo cha ukarimu, humsumbua mtu wa kweli kidogo kuliko fumbo la picha.

Na kwa wote wanaopanga vipimo vya mzigo, ninaomba jambo moja lifanyike ambalo sijaliona likifanywa mara nyingi: mzigo ukiwa juu kabisa, mtu anayetumia kisoma skrini na mwingine anayetumia kibodi pekee wapewe kazi ya kuikamilisha fomu tangu mwanzo hadi mwisho. Tovuti iliyochelewa hutenda tofauti na tovuti iliyo tulivu. Kitufe huonekana kabla skripti yake haijafika, na mtu hukibonyeza bila kitu kutokea. Sehemu za ukurasa hufika kwa kuchelewa na kusukuma zilizotangulia, kisha mahali alipokuwa msomaji hupotea. Ujumbe wa kosa hutokea mbali na sehemu iliyokosewa. Anayeona huona duara linazunguka na kuelewa kwamba kazi inaendelea, lakini ambaye kisoma skrini chake kimenyamaza hana dalili yoyote, basi hubonyeza tena, na pengine hutuma malipo mara mbili. Ndiyo maana kila fomu inayotuma kitu cha thamani inapaswa kubeba namba ya pekee, ili seva ikiipokea mara ya pili itambue kuwa ni ileile.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, kwa heshima zote, nadhani unaikuza kazi hii kuliko inavyostahili. Siku hizi huduma za wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni, huongeza mashine zenyewe mzigo unapopanda. Ukishaweka mpangilio huo, kupunguza picha na kuandaa kurasa nyepesi kuna faida gani?

Mleta mada

Ndugu, hoja yako ina uzito, na mwenye uwezo wa kutumia mpangilio huo asisite. Lakini mpangilio huo una mipaka mitatu. Mashine mpya huchukua muda kuwaka na kuwa tayari, mara nyingi dakika kadhaa, ilhali tangazo lililorushwa kwenye redio au kutumwa kwa ujumbe mfupi huleta watu ndani ya sekunde. Kwa wimbi ambalo saa yake inajulikana, mashine ziwashwe kabla. Pili, seva za mbele huongezeka kwa urahisi, lakini kanzidata yenye kuandikwa haiongezeki hivyo. Kila seva mpya hufungua miunganisho yake, na hivyo unaweza kuiangusha kanzidata kwa kuongeza seva zilizokusudiwa kuinusuru. Tatu, simu ya mgeni haiongezwi nguvu na wingu lako. Ukurasa wenye skripti nzito utakwama mikononi mwake hata kama seva yako imejibu papo hapo.

Aidha, mtoa huduma mwenyewe anaweza kukatika. Tarehe 8 Juni 2021 mtandao wa kusambaza maudhui wa Fastly ulipata hitilafu ya programu iliyoamshwa na badiliko halali la mipangilio ya mteja mmoja, na tovuti nyingi kubwa duniani zikapotea kwa pamoja. Ilichukua dakika 49 kwa asilimia 95 ya mtandao huo kurudi katika hali ya kawaida. Hiyo ni kasi ya kusifiwa, lakini anayeandaa tukio la saa moja anapaswa kujua mapema atafanya nini katika dakika hizo.

Mchangiaji wa nne

Nimejifunza mengi. Naomba kuuliza la mwisho: ikitokea yote yameshindikana na tovuti inabidi ifungwe kwa muda, ukurasa wa tangazo uandikwe vipi?

Mleta mada

Swali lako ni la msingi, kwa sababu ukurasa huo huandikwa na wachache na kusomwa na wengi kuliko ukurasa mwingine wowote. Tovuti ya sensa ya Australia ilifungwa jioni ya tarehe 9 Agosti 2016, usiku ambao kaya zote zilitarajiwa kujaza fomu, na ilibaki imefungwa kwa takriban saa 40. Katika hali kama hiyo kitu pekee ambacho mwananchi anacho ni tangazo.

Lihifadhiwe mahali pasipotegemea seva iliyoelemewa. Liwe maandishi na si picha, lugha yake itajwe kwenye msimbo ili kisoma skrini kilitamke ipasavyo, na utofauti wa rangi ya maandishi na ya nyuma yake usipungue uwiano wa 4.5 kwa 1. Liseme kwa sentensi fupi nini hakifanyi kazi, nini bado kinafanya kazi, kama alichokwisha kutuma mtu kimepokelewa au la, na lini taarifa nyingine itatolewa. Kama kuna tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, liseme kama imesogezwa, kwa kuwa hilo ndilo linalowafanya watu waendelee kupakia ukurasa upya. Njia mbadala ziwe zaidi ya moja: namba ya simu pekee haimsaidii asiyesikia, na anwani ya barua pepe pekee haimsaidii asiyeweza kuandika.

Kwa upande wa seva, tangazo litumwe na hali namba 503, inayomaanisha kwamba huduma haipatikani kwa sasa, pamoja na kichwa cha Retry-After kinachotaja muda wa kurudi. Likitumwa kwa namba 200, inayomaanisha kwamba kila kitu kiko sawa, injini za utafutaji zinaweza kulichukua kama maudhui yenu, na kache zilizo njiani zinaweza kulihifadhi na kuendelea kuwaonyesha watu kwamba mmefunga, saa nyingi baada ya ninyi kufungua. Na programu za simu zinazoitegemea tovuti zielekezwe kujaribu tena kwa vipindi vinavyorefuka, kila moja ikiongeza kipande cha muda wa kubahatisha, ili zisirudi zote kwa sekunde moja mara tu milango itakapofunguliwa.